Mshangiliaji wa Sare

Kwa Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu, na tafadhali uzipokee umekaa, maana nakujua, utaisoma barua hii jikoni umesimama huku sufuria inaungua. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua uliyosema inanuka kuliko inavyoponya, bado unaitumia au umeshaitupa? Na binti yako, amepata likizo ya kuja kukuona au kazi bado imemfunga? Mimi huku sijambo. Kikohozi kilichokuwa kinanikatiza kwenye simu kimekwisha. Nakula, nalala, na kazini wananiheshimu kiasi cha kutosha.

Najua utashangaa kuona mwandiko wangu wakati simu ipo. Lakini kwenye simu, Dada, mtu hujibu salama kabla hata hajaulizwa. Uliponipigia mara ya mwisho uliniuliza jambo la maana: nirudi nyumbani tukae wote, au kile chumba changu cha nyuma umpe yule mwalimu anayetafuta pa kupanga. Nikakujibu haraka kwamba mimi nina watu huku. Ukasema hata wewe unawasikia wanavyopiga kelele nyuma yangu, na kwamba umefurahi kujua siko peke yangu. Basi ukaahidi kumsubirisha mwalimu mpaka mwisho wa mwezi, nikibadili mawazo nikwambie. Leo nataka nikueleze hao watu ni akina nani.

Kazi yangu ni ileile, chumba cha kushonea cha hospitali, kule chini karibu na wanakofulia mashuka. Nashona sare za wauguzi, nabadilisha zipu, napunguza suruali za madaktari vijana ambao wote huagiza saizi za baba zao. Tuko mafundi wawili, lakini mwenzangu ni wa zamu ya jioni. Tunapokezana kiti kikiwa bado cha moto, na zaidi ya hapo hatujuani. Saa nane mchana natoka. Tangu hapo mpaka kesho yake asubuhi sina hata wa kumwambia kwamba mvua inanyesha.

Chini ya chumba ninachokaa kuna duka la kutengeneza simu. Siku moja nilishuka kubadilisha kioo cha simu yangu, nikakuta watu wamejaa, macho yote kwenye televisheni iliyotundikwa juu ya makasha ya chaja. Fundi akaniomba nisubiri kidogo ova iishe. Sikujua ova ni mdudu gani, nikakaa. Ndivyo nilivyoingia kwenye kriketi, mimi ambaye nyumbani hata mpira wa miguu nilikuwa nauliza goli limefungwa na nani wakati watu wameshaenda kulala.

Ngoja nikueleze kidogo usije ukapotea. Timu moja inapiga, nyingine inarusha mpira ikitaka kuangusha vijiti vitatu vilivyosimama nyuma ya mpigaji; vikianguka, mpigaji huyo anatolewa. Mrushaji akirusha mipira sita, hiyo ndiyo ova. Mpigaji akiupiga mpira akakimbia, anaandikiwa mbio. Sasa sikia: mechi ya testi huchezwa siku tano, Dada, na katikati wachezaji huenda kunywa chai. Na baada ya siku zote hizo, muda ukiisha kabla wapigaji wote hawajatolewa, inaweza kwisha sare, bila mshindi. Nilipoambiwa hivyo nilidhani wananitania kwa kuwa mgeni.

Safari hii zilikuwa zinakutana nchi mbili jirani ambazo hazipikiki chungu kimoja, testi tano mfululizo. Sisi dukani tuliwaita Kijani na Wekundu, kwa rangi za kofia zao. Fundi simu ni mtu wa Kijani. Mkubwa wa upande wa pili ni mfamasia wa hospitali yetu, Mwekundu mpaka soksi. Ukiwakuta wanabishana utadhani wanagombea shamba la urithi. Mfamasia alisema nahodha wa Kijani anawapanga wachezaji wake uwanjani kama mtu anayepanga viti vya mkutano ambao hakuna atakayehudhuria. Fundi akamjibu kwamba wapigaji wa Wekundu wanatoka uwanjani mbio mbio kama waliosahau kuzima jiko. Siku hiyo hakuna simu hata moja iliyotengenezwa, na wenye simu nao walikuwa wamekaa wanacheka.

Kulikuwa pia na mzee mmoja mstaafu, wa Kijani, tuliyemwita Mzee Redio. Yeye hakuiamini televisheni. Alivaa kisikilizio sikio moja, anasikiliza redio, na redio ile ilikuwa inaitangulia televisheni kidogo. Kwa hiyo kabla mpira haujarushwa kwenye kioo, Mzee Redio alikuwa ameshaguna au ameshatabasamu. Fundi alimkataza, mfamasia alimsihi, mtu mmoja akamfunika uso kwa gazeti, lakini mwisho wote tuliishia kumtazama yeye badala ya mchezo. Nimewahi kuwaona watu wazima, wenye wake na watoto, wakikodolea macho nyusi za mzee kwa roho mkononi.

Kijani walikaa kushoto, Wekundu kulia, na katikati kulikuwa na kigoda cha wateja. Hicho ndicho kilikuwa changu. Fundi aliponiuliza niko upande gani nilimwambia niko Kijani, kwa sababu kioo alikuwa amenibadilishia vizuri. Wiki iliyofuata nikakutana na mfamasia kwenye korido ya hospitali, akanisalimia mbele za watu kwa jina walilonipa dukani, Fundi Sare, kwa ajili ya kazi yangu. Nilifurahi hadi nikamnong'oneza kwamba moyoni mimi ni Mwekundu. Nikawa ndumilakuwili, Dada, na usicheke. Lakini ukweli ni kwamba sikuwa na timu. Testi ya kwanza ilikuwa imekwisha siku ya tatu, kwa sababu Kijani waliwamaliza Wekundu mapema. Siku ya nne nikashuka, nikakuta televisheni imezimwa na fundi yuko na wateja wake. Sikuwa na la kufanya pale, nikapanda juu. Siku mbili zile zilikuwa ndefu, nakwambia kweli. Tangu hapo nikaanza kuwaombea wapigaji wazito, wale wanaozomewa kwa kutokimbia. Mpigaji akiganda pale mchana kutwa bila kufanya chochote, wenzangu walisonya, mimi moyo ulikuwa unatulia.

Siku uliyonipigia ilikuwa siku ya nne ya testi ya mwisho. Kila upande ulikuwa umeshinda testi mbili, kwa hiyo hii ndiyo ya kuamua. Nilitoka mlangoni kuongea na wewe, na zile kelele ulizozisikia zilikuwa za kijiti kilichoanguka. Uliposema umefurahi nina watu, nilitaka kukusahihisha. Kisha nikageuka nikawaona wamekumbatiana mle ndani, kuna mtu ameshikilia kigoda changu asikikalie mwingine, nikaona labda si uongo.

Siku ya tano ilifika mpaka ova ya mwisho. Kijani walibakiza mbio chache washinde, Wekundu walibakiza kumtoa mpigaji mmoja tu washinde wao. Aliyekuwa anapiga ni mrushaji wa Kijani ambaye kupiga hajui kabisa, na kila mpira alikuwa anauzuia tu mbele ya miguu yake. Fundi simu alikuwa anamwomba apige. Mfamasia alikuwa anamwomba akosee. Mimi nilikuwa nimejipigia hesabu zangu: akishinda mmoja, ubishi umekwisha na kila mtu ataenda zake. Ikiwa sare, kesho lazima watarudi kubishana nani angeshinda. Nikamtazama Mzee Redio. Hakuguna, hakutabasamu. Alichomoa kisikilizio sikioni akatazama sakafu, na mimi nikaelewa kabla ya wote.

Nikaruka, Dada. Nikapiga makofi na kushangilia peke yangu katikati ya duka, wakati kwenye televisheni mpira wenyewe ulikuwa haujarushwa. Kisha ukarushwa, yule mtu akauzuia, mchezo ukaisha, na watu wote wakanigeukia. Fundi akaniuliza kwa upole nashangilia nini. Mfamasia akauliza kwani mimi ni wa nani hasa. Mzee Redio ndiye aliyeniokoa, akasema huyu ni wa sare, jina tulimpa wenyewe, tunamshangaa nini. Wakacheka mpaka wakashika mbavu, na mimi nikacheka nao, nikapanda chumbani kwangu nimeridhika. Jioni ile nilipika huku nikiimba.

Kesho yake nilitoka kazini nikachemsha chai, nikajaza chupa, nikachukua vikombe vya kuwatosha wote, nikashuka. Kwenye kigoda changu alikaa mama mmoja na mtoto wake mgongoni. Televisheni ilikuwa imefunikwa kitambaa. Fundi alikuwa ameinamia simu kwa lenzi yake jichoni, na bila kuinua uso akaniuliza anisaidie nini. Alipoinua akanitambua, akanichangamkia, akasema lakini Fundi Sare, kriketi si imekwisha jana. Hakusema kwa ubaya hata kidogo. Nilikuwa nimesimama pale na chupa ya chai, na vikombe vinagongana kwenye mfuko, nikaona haya. Nikanunua kava la simu ili nionekane nimekuja kwa shida yangu. Nilipofika juu nikakuta halitoshi kwenye simu yangu, ni la aina nyingine. Chai nilikunywa vikombe viwili, iliyobaki nikamwaga.

Siku chache baadaye nilikutana na mfamasia dirishani kwake. Alinitazama kidogo kwanza, maana bila kigoda kile hakunikumbuka mara moja. Kisha akanishika mkono akaniambia kwa furaha kabisa kwamba timu zile zitakutana tena baada ya miaka miwili, nisikose. Nikamwambia sitakosa.

Usiwalaumu, Dada. Hawakunikosea kitu. Wao kriketi ilipokwisha walirudi nyumbani kwao, kwa watu wanaowajua. Mimi nilirudi juu, ghorofa moja tu, na mpaka leo hakuna hata mmoja wao anayejua kwamba ninaishi juu ya vichwa vyao. Hawakuniuliza jina langu, na mimi sikuwauliza yao.

Hao ndio watu niliokuambia ninao.

Na kwa kuwa nimeshaanza, acha nimalize. Yule mama jirani yangu, yule tunayepikiana, anayekusalimia kila ukipiga simu, hayupo. Alihama mwaka jana, akamfuata mwanawe. Salamu zote nilizokuletea tangu wakati huo nilizitunga mwenyewe. Niliogopa nikikuambia ameondoka utaniuliza sasa nimebaki na nani. Hata siku uliposema anakuombea heri kwa maneno mazuri kuliko ndugu zetu, yale maneno yalikuwa yangu. Kile kitambaa cha kichwa ulichomtumia ninacho mimi, nimejifunga sasa hivi nikiandika. Nisamehe. Rangi yake ni nzuri sana.

Kuna jambo jingine nimelifikiria tangu siku ile uliponipigia. Uliniambia nyumba imekuwa kimya tangu Mama atutoke, na mimi nikajifanya unaongelea wezi, nikakushauri ubadilishe kufuli. Nililielewa ulilosema, Dada. Nililielewa vizuri, ila ningelijibu ningelazimika kusema na langu. Wewe hukuwa unatafuta mpangaji. Mtu anayetafuta mpangaji haulizi mara tatu kama mdogo wake ana uhakika.

Nimeomba kuacha kazi, wamenikubalia. Cherehani yangu ndogo nakuja nayo, na huko shule na zahanati hazikosi watu wa kuvaa sare. Sitakuwa mzigo kwako. Sirudi kwa sababu nimeshindwa maisha, mkono wangu bado una kazi. Narudi kwa sababu nimechoka kuchelewa bila mtu wa kuniuliza nilikuwa wapi. Nataka uniulize. Nataka unigombeze hata kama nilikwenda dukani tu.

Kama mwalimu ameshahamia, usimtoe, itakuwa aibu. Nitalala na wewe, upande wa ukutani kama tulivyolala utotoni, na ukikoroma sitasema kitu. Nimelala pasipo na mkoromo miaka mingi, nimeshajua kimya kilivyo.

Msalimie binti yako, mwambie shangazi wa kumharibia watoto anakuja, azae haraka. Najua kwa desturi ni mama mdogo, lakini yeye tangu mtoto ameniita shangazi na sasa nimezoea. Wasalimie majirani wote watakaokuuliza habari zangu, na wasiouliza pia. Goti lipumzishe. Usihangaike kupika siku nitakayofika, nitakula kitakachokuwepo.

Ni mimi mdogo wako, ninayekufuata.