Upanga Uliotoka Shambani Rukanga

Baba,

Nina hasira, na wewe ndiye niliyezoea kumjia nikikasirika. Nisikilize hata huko uliko.

Ni ule upanga wa Waingereza uliouchimbua hapa Rukanga ukilima mahindi. Hata matanga hayajapoa, Mghanga, mwanao, akaleta mgeni kutoka Nairobi, mtu wa kukusanya silaha za zamani. Nilimpa chai. Akafuta kutu karibu na mpini kwa mafuta taa, vile ulivyokuwa ukifanya, mpaka ile nyota ikaonekana, na kile kidude cha shaba katikati. Baba, mtu mzima alipiga kelele! Akasema ni alama ya kiwanda cha London, kuonyesha chuma kilijaribiwa kikafaa. Akanionyesha taji na herufi za mfalme. Kwenye mgongo wa upanga akapata namba.

"Kwa namba hii tunaweza kumjua afisa aliyeununua," akasema.

Nilifurahi, kusema kweli. Nikamwambia, "Basi tutafutie pia Mwakio, babu yake baba. Alichukuliwa kuwabebea maafisa hao hao mizigo kwenye vita vya Waingereza na Wajerumani, akafia huku chini ya mlima Kasigau."

Akanitazama kwa huruma. "Mama, wapagazi wengi hawakuandikwa."

Hawakuandikwa! Chuma kina jina la kiwanda, kina namba, kina mfalme. Aliyembebea mwenye chuma chakula hana hata jiwe! Na Mghanga naye: "Dada, mwache aende nao. Sisi unatusaidia nini?" Walikuwa wameshauweka kwenye gari. Niliutoa mwenyewe, mgeni akaomba msamaha.

Nakumbuka ulivyonishika kidole ukakipitisha juu ya ile nyota. "Gusa, Mghoi. Kuna mtu aliifanya hii kwa mkono." Ulikuwa ukimuwaza Mwakio? Hukusema. Na sasa siwezi kukuuliza.

Wiki jana nilileta fundi wa makaburi kutoka Voi. Amechonga jina la Mwakio kwenye jiwe, tumelisimamisha kando yako. Mghanga alikuja bila kuitwa. Akakoroga simiti. Bado sijamsamehe vizuri, lakini nilimpakulia chakula.

Pumzika, Baba. Yule afisa akijulikana nitalipokea jina lake, naye alikuwa mtoto wa mtu. Lakini upanga hautoki hapa. Na yeyote atakayekuja kuusoma, nakuahidi, atasoma jiwe kwanza.

Binti yako,
Mghoi