Kiti cha Mbele

Pigeon Fork,
Jumatatu, mvua imekatika

Dada yangu Glenna,

Pokea salamu za moyo wangu, na za vilima hivi ulivyoapa kuwa hutaviona tena. Natumai barua hii itakukuta salama huko Dayton, goti limepunguza kuuma na yule jirani mwenye mbwa amehama. Na macho yako je, dada? Bado unasoma gazeti bila miwani na kuturingia? Ukinijibu, anza na hilo. Mimi ni mzima, kwa kadiri ya uzima wa huku kwetu. Herufi hizi kubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza zisikushtue. Nimetumia kalamu nene ya kuandikia maboksi, ndiyo niliyoikuta karibu.

Barua yako ya Pasaka niliipata. Nilimpa Kaylynn, mjukuu wa Hobart Justus, aisome kwa sauti barazani ili majirani wote wasikie. Kwamba chumba cha nyuma umenipakia rangi ya manjano. Kwamba duka la vyakula liko ng'ambo ya barabara, na mtu akitaka nyanya moja anavuka kwa miguu, ananunua nyanya moja, anarudi. Orpha Lester akasema mwongo mkubwa wewe, watu wa mjini wakizungumzia chakula ni kama wavuvi wakizungumzia samaki. Lakini akamwomba Kaylynn arudie pale pa nyanya.

Umenitaka nije kabla ya theluji, na umetaka jibu la ndiyo au la, bila maneno mengi. Nitakujibu. Nivumilie tu, jibu lenyewe linapitia mlimani.

Duka la Crockett, lile mama alilokuwa akitutuma, unajua lilivyokufa. Duka kubwa lilikuja na bei zake za chini na sote tukamkimbia mzee wa watu, mimi nikiwa wa kwanza, simsingizii mtu. Crockett akafunga. Kisha machimbo ya makaa yakafungwa, wateja wakahama kama wewe, na duka kubwa nalo likafungasha virago. Kilichobaki ni kile kiduka cha bei rahisi pale njia panda. Utapata soda za kila rangi, biskuti, chipsi za pakiti na nyama ya kopo, lakini kitunguu hupati ng'o. Orpha, ambaye sukari imeshamla mguu mmoja, aliambiwa na nesi ale mboga mbichi kila siku. Akamuuliza nesi, mwanangu, ulipokuwa unakuja uliziona wapi, nimtume nani?

Na usianze habari za bustani. Mafuriko yalizoa udongo wote wa mama, yakatuachia mawe na tope jeusi la makaa. Nilipanda maharage mwaka jana. Yaliota manjano, yakalala, yakafa.

Basi Jumamosi ndiyo siku yetu ya kula. Tunavuka mlima wa Bearwallow mpaka kaunti ya jirani, na pikapu yangu ndiyo pekee bondeni inayowaka ikiambiwa iwake. Nyuma napakia makasha ya barafu ya nyumba zote, hili la Orpha, hili la Kaylynn na mapacha wake, na mengine. Mbele anakaa Hobart. Hobart aliendesha malori ya makaa barabara ile maisha yake yote, mpaka mwamba ulipomponda mguu na vumbi likammaliza mapafu. Sasa anapanda na mtungi wake wa oksijeni, na kiti kile hampi mtu. Kaylynn mwenyewe angeweza kuendesha, tena vizuri, lakini leseni yake ilizuiwa na mahakama kwa faini alizoshindwa kulipa, na hakimu alimwonya kuwa akikamatwa tena kwenye usukani atalala ndani.

Na kuongea, Hobart! Mdomo wake haukujua breki. Tukipanda anaanza, na tukishuka kurudi nyumbani anazidi. Hii hapa kona ya Dewey, anasema, inakuja kushoto, punguza, hapa ndipo Dewey alipopindua gari akamwaga matikiti, akashuka kuyahesabu na damu inamtoka puani. Wewe, Glenna, ulikuwemo siku ile, utakumbuka. Kisha, lile kanisa lililoungua, mkono wa kulia, na watu wa kaunti wamemwaga kokoto tena, shika katikati, hawana adabu hata kidogo. Nilikuwa nikimwambia, Hobart, nyamaza basi, barabara hii nimezaliwa nayo. Anacheka mpaka anakohoa, kisha anaendelea. Nilidhani ni uzee.

Nilipowaambia habari ya chumba cha manjano, Hobart alisema nenda, Ivalee, mtu haishi mara mbili, na utuletee hiyo nyanya. Orpha akasema nenda, lakini uniue kwanza. Walicheka wote. Kaylynn peke yake hakucheka. Aliwabeba watoto akaingia nao ndani.

Jumamosi ya mwanzo wa mwezi tulikuwa tunarudi, mimi na Hobart peke yetu. Makasha yalijaa: maziwa, kabichi, kuku, mboga ya haradali ya Orpha. Tukaanza kushuka. Hobart akaanza habari ya Dewey, akafika kwenye matikiti, akanyamaza. Mimi nikacheka nikingoja amalizie, maana mwisho naujua. Hakumalizia. Nikamwita. Kimya.

Dada, hapa ndipo pa kukuambia, na ningeweza ningekuficha mpaka kaburini. Macho ya mama yamenifika. Unakumbuka alivyokuwa akimwaga kahawa kando ya kikombe, na kumwangalia mtu sikioni ili amwone uso? Ndivyo nilivyo mimi. Katikati ya kila kitu kuna doa, kama mtu ameniwekea kidole gumba. Pembeni naona: majani, kingo za barabara, mlango wa gari. Uso wa Kaylynn sijauona tangu mwaka juzi. Na leseni ninayo, dada! Hakuna aliyeniuliza. Kaylynn anaona lakini haruhusiwi, mimi naruhusiwa lakini sioni. Ndiyo kaunti yetu hiyo.

Nilisimamisha gari pale pale mlimani. Ule ukimya ulinionyesha kitu ambacho sikutaka kukijua: kwamba siku zote nilikuwa naendesha kwa mdomo wa Hobart. Sikujua bonde liko upande gani. Nilimpapasa uso, upande mmoja umeshuka kama nguo iliyolowa, lakini anapumua. Nikapiga honi, hakuja mtu. Simu mlimani haishiki, unajua. Nilisikia maji ya barafu yakidondoka nyuma, na, Mungu anisamehe, niliyafikiria maziwa.

Nikatia gia, nikaanza kuzisema kona mwenyewe, kwa sauti yake, na matani yake yote, maana bila matani mpangilio ulinipotea. Dewey anahesabu matikiti. Kanisa limeungua. Watu wa kaunti hawana adabu. Nilikuwa nalia na kusema, nasema na kulia, nikiusikiliza mchanga wa kando chini ya tairi, mpaka nikafika barazani kwa Kaylynn. Alimwona babu yake, akaninyang'anya ufunguo, akaniachia mapacha, akaondoka naye.

Hobart yuko hai. Amelazwa ng'ambo ya mlima, anakula kwa kijiko, lakini kauli imeondoka kabisa. Kaylynn alimfikisha kituo cha zimamoto, ambulensi ikampokea. Akirudi na pikapu yangu, askari akamsimamisha kwa sababu ya taa ya nyuma iliyokufa. Askari yule walisoma darasa moja. Alimwomba radhi huku anamfunga pingu, na mwenzake akanirudishia pikapu. Hakimu alitimiza ahadi yake, na binti yuko ndani mpaka majani ya miti yaanguke. Mapacha wako kwangu. Wanaitwa Waylon na Jubilee, na wananiita bibi kwa kosa.

Nilimwendea Orpha nikamwambia yote, macho, mlima, kila kitu, nikingoja anitukane. Akasema, ee Ivalee, sasa hilo ni habari? Sote tulijua. Tulikuona ukimwagilia maji kiti badala ya ua. Kwa nini unadhani Hobart aling'ang'ania kiti cha mbele na mguu ule? Tulikubaliana yeye akae hapo awe anaongea. Nikamuuliza kwa nini hawakuniambia. Akasema, tungekuambia ungeacha. Ungeacha tungekula nini?

Nilikasirika, dada. Walipanda gari na mtu wasiyejua kama atawafikisha, wakamwachia mzee wao akae mbele, kisha wakacheka wakala kabichi. Halafu nikatazama pembeni ya doa langu nikamwona Orpha anazungushia mkono sahani ya mapacha wasimwage, na ndani ya sahani kulikuwa na chipsi za pakiti. Hasira ikaniishia, sijui ilikokwenda.

Sasa jibu lako. Chumba sikitaki. Mpangishe mtu.

Njoo wewe, Glenna. Wewe una leseni, una macho, na kona zile unazijua kwa majina. Najua ninachokuomba. Uliondoka hapa umekaa nyuma ya lori la mume wako, ukiapa, na hukuwahi kugeuka kutazama. Najua pia kwamba ukishapeleka makasha Jumamosi moja, watayaleta tena Jumamosi ya pili, na hutapata mlango wa kutokea, kama mimi nilivyoukosa. Nakuomba hivyo hivyo. Sina aibu iliyobaki.

Simu ya nyumbani haijarudi tangu mafuriko, kwa hiyo usihangaike kunipigia. Jumamosi hii tutakula vya kopo. Jumamosi ijayo, barua hii ikiwa imeshakufika, nitakaa barazani mpaka saa nne asubuhi. Usipotokea nitamwachia Orpha watoto nitawasha gari, maana maziwa yamekwisha leo na Jubilee ameanza kukohoa. Sikutishi, dada. Nakuarifu tu. Kona nitazisema mwenyewe, na ile ya Dewey nitaisema kwa nguvu zaidi.

Nisalimie wanao na wajukuu wote huko, mwambie jirani wa mbwa kuwa Mungu anamwona. Orpha anakusalimu, anasema uje na nyanya. Hobart angekusalimu kama angeweza.

Mdogo wako akupendaye,
Ivalee

Ufunguo nimeutundika kwenye msumari wa mama, kushoto ukiingia.