Sindano Niliyokataa Kuchoma

Bweni la Wanafunzi Wauguzi,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Hujambo huko ugenini? Goti limepata nafuu? Sisi wazima. Baba anakohoa kidogo, lakini ukimwuliza atakuambia ni vumbi tu.

Mimi afya ninayo, ila hasira zimenijaa mpaka kooni.

Nipo kwenye zahanati ya mtaani kwa mafunzo ya vitendo. Muuguzi anayetusimamia tumembandika jina Madamu Baadaye, kwa kuwa ukimwuliza lolote, jibu ni hilo. Tangu nifike, kazi yangu ni kuosha trei na kuita, "Anayefuata!"

Alhamisi, chumba cha chanjo kimejaa akina mama, akanitia bomba la sindano mkononi. "Mchome huyo mtoto, nakuja." Huyoo, mlangoni! Shangazi, mimi nimewahi kuchoma sanamu la chuoni tu. Nikamwita, nikakataa. Akanigeukia mbele ya watu wote: "Hawa wa siku hizi wanataka vyeti, kazi hawaitaki." Watu wakacheka. Uso ukaniwaka moto.

Mama wa mtoto hakucheka. Akaniuliza, "Hujawahi?"

"Sijawahi."

Akamgeukia Madamu. "Basi dada, atachoma huyu huyu, ila wewe usimame hapa umwonyeshe. La sivyo naondoka na mwanangu."

Madamu akarudi. Akanishika kiwiko. "Shika paja hivi. Sindano iwe wima. Usisitesite, kusita ndiko kunakomwumiza." Nikachoma. Mtoto akalia kidogo, akarudi kwenye ziwa la mama yake.

Hapo ndipo nilipopandwa na hasira za kweli. Kumbe anajua kufundisha, tena vizuri! Siku zote hizo alikuwa ananinyima kitu ambacho unakimaliza hata chai haijapoa.

Mchana tukikusanya vifaa akaniambia, bila ukali, "Mimi nilitupwa hivyo hivyo, nikajifunza."

Nikamjibu, "Na wale uliojifunzia miilini mwao, Madamu?"

Ijumaa aliniita mwenyewe, akasimama kando yangu mpaka mtoto wa mwisho. Sijamsamehe. Wenzangu wawili bado hawajaitwa, na sitampa raha mpaka nao waitwe.

Nisalimie mumeo, na binamu Mrefu mwambie aache uvivu wa kuandika. Mungu akutunze, na goti lako pia.

Ni mimi nikupendaye hata nikinuna,
Kitindamimba wa kaka yako.