Soksi za Baba Dina

Jumatatu, 24 Machi 2025

Kasiani amelala na soksi. Tena!

Nimemwuliza, kasema baridi. Baridi gani, na Juni bado iko mbali? Huyu ndiye mwanaume aliyekuwa akirudi kutoka mpakani jioni, kabla hata ya salamu kiatu kimoja huku, kingine kule, nyayo za tope mpaka chumbani. Leo analala na soksi kama bwana harusi aliyechoka.

Naandika hapa kwa sababu nikimwambia Rozi wa meza ya jirani, ikifika saa sita soko zima linalo. Dalili ya mvua ni mawingu. Mimi nayaona.

Alhamisi, 27 Machi

Kafua soksi mwenyewe. Mume wangu! Hajawahi kufua hata leso. Tena kazianika nyuma ya choo, asikoanika mtu. Eti ananipunguzia kazi. Miaka yote hiyo kazi yangu hakuiona?

Halafu marashi. Si mwilini — ndani ya viatu. Anapulizia viatu marashi!

Mimi nauza viatu vya mtumba, miguu naijua. Nusu ya Tunduma nawatambua zaidi kwa miguu kuliko kwa sura. Leo alikuja yule mwalimu mwenye mfupa uliochomoza pembeni ya kidole gumba, nikampa kiatu kipana, kang'ang'ania chenye ncha. Kuna mama wa maharage, magaga yamepasuka mpaka damu. Kuna bodaboda mmoja, ukucha umezama nyamani, mguu mmoja kiatu, mwingine ndala. Wote wananionyesha bila aibu. Anayenificha ni mume wangu.

Na jingine. Namba yake ni 42 tangu tuoane. Juzijuzi kachukua 41 mezani kwangu, nyeusi, ya ngozi, imechongoka. Eti 42 ni kama hajavaa kitu. Mguu wa mtu mzima unasinyaa? Anataka kupendeza. Swali ni kwa nani.

Jumapili, 30 Machi

Nimeaibika kanisani.

Katekista Raphaeli kasoma majina ya wanaume kumi na wawili watakaooshwa miguu na padre Alhamisi Kuu. Kasiani yumo, kama kila mwaka. Kila mwaka anaringa nayo, anajisugua na jiwe mpaka visigino vinang'aa. Leo nikaona anasimama. Kaomba asamehewe, awekwe mwingine. Mbele za watu wote!

Baada ya Misa Raphaeli kaniuliza mzee ana nini. Nikacheka, nikasema kazi nyingi mpakani.

Mtu anakataaje kuoshwa miguu? Petro alikataa, sawa, lakini alielezwa akakubali, tena akataka na kichwa. Huyu kakaa tu anaangalia sakafu. Nafsi inamsuta. Anajua hiyo miguu inakwenda wapi.

Nimetembea mbele peke yangu mpaka nyumbani. Hakuniita.

Jumatano, 2 Aprili

Limejulikana.

Rozi alivuka mpaka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, kufuata vitenge. Kazunguka weee, dada usinitaje, dada mimi simo — mwisho kalitema. Kamwona Kasiani anatoka kwa Nesta. Nesta yule wa kupaka watu kucha rangi, mwenye saluni uani kwake. Mchana kweupe. Viatu mkononi!

Viatu mkononi. Sijala leo.

Jumamosi, 5 Aprili

Nimemwuliza alifuata nini Nakonde. Kunyoa, kasema. Nimemtazama kichwani. Nywele zote zipo.

Jumanne, 8 Aprili

Nimevuka. Nimemwachia Rozi meza, nikasema naenda kutafuta sabuni.

Nesta kanipokea vizuri mno. Mulishani bamayo, ndiyo habari mama ya kwao, karibu stuli, karibu maji. Nikamwambia bila kuzunguka, mimi ni mke wa Kasiani. Hakushtuka! Hilo nalo likanitia shaka zaidi. Aa, mzee wa sugu, kasema, akacheka. Eti anakwenda kukatwa sugu ya unyayo. Kanionyesha beseni, jiwe, na wembe. Wateja wengine wakiguswa tu wanaruka, kasema, lakini mzee anakaa kimya anasoma simu yake, hata siku ile wembe ulipozidi damu ikatoka.

"Bamayo, mume wako jasiri sana."

Anamsifia mume wangu ujasiri! Mbele ya macho yangu!

Siamini hata neno. Wamepanga. Sugu ya kwenda kukatwa Zambia, wakati mkewe anashinda na miguu ya watu? Angenionyesha mimi. Kwa nini asinionyeshe mimi?

Alhamisi, 10 Aprili

Kidole nimekifunga kitambaa. Naandika hivyo hivyo.

Kasiani karudi, kavua viatu mlangoni, kapita na soksi zake, kaenda kuoga. Nikasema leo ndiyo leo. Lazima ana laini ya pili ya simu, na mwanaume mjanja huificha kiatuni, chini ya ile soli ya ndani. Nikaingiza mkono. Ndiyo kazi yangu, kila kiatu cha mtumba nakipitisha mkono ndani kabla sijakiuza.

Nikapiga yowe.

Msumari! Umetoboa soli kutoka chini, ncha imesimama ndani, imenichoma kidole mpaka damu. Pembeni yake bitana imekauka, nyeusi, imekuwa ngumu. Na chini ya marashi kuna harufu. Harufu ya viatu naijua. Hiyo si ya kiatu.

Na kiatu kakivua dakika ile ile. Kutwa nzima kazunguka malori pale mpakani na makaratasi yake ya forodha, juu ya msumari.

Katoka bafuni, soksi tayari mguuni. Nikamwonyesha. Akauliza, "Msumari upi?"

Hakuwa anadanganya. Namjua akidanganya, anakuna sikio. Safari hii katulia tu ananishangaa, na hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Nikamwambia vua soksi. Kakataa. Nikamwambia tena, taratibu. Kakaa kitandani, kavua, kageukia ukutani.

Mguu wa kushoto, chini ya kidole gumba, pana tundu. Kingo zake nyeupe, ngumu. Ndani wekundu na usaha. Ncha ya kidole changu ingeingia.

"Haliumi," kasema, bado kageukia ukuta. "Lingeuma ningekwambia."

Nikamtoa neno moja moja. Mwaka jana walipimwa bure mpakani, kaambiwa ana sukari, aende kliniki. Hakwenda, hakusema. Ni kwa sababu ya kaka yake Anyitike wa Mlowo, aliyeingia hospitali na kidole kimoja kibovu akatoka bila mguu. Kasiani anaamini wangemwacha na kidole chake angekuwa anatembea mpaka leo. Na yeye kazi yake ni kutembea.

Hakuna mwanamke. Mungu anisamehe, nimekaa kitandani nikatamani angekuwepo.

Ijumaa, 11 Aprili

Zahanati. Muuguzi kafunua kidonda. Kauliza tumeweka nini. Kasiani kataja: maji ya moto ya chumvi, unga wa vidonge vya rangi mbili, wembe wa Nesta. Muuguzi kashika kichwa. Mguu usiosikia msumari, kasema, hata maji ya moto utaungua nayo usijue.

Kanisema na mimi, eti nauza viatu sijui haya? Magaga paka mafuta, fangasi kausha katikati ya vidole, kiatu kikibana badilisha, hayo mtu anahangaika nayo nyumbani, yakikataa ndiyo aje. Mwenye sukari hana hiyo nafasi. Lengelenge, sugu, ukucha uliozama, kidonda hata kama punje ya mtama — cha mtaalamu, siku hiyo hiyo, kiume kisiume. Kisichouma ndicho kibaya zaidi. Na watu hao hupenda kiatu cha kubana, kwa sababu mguu uliokufa ganzi huona kila kiatu kinapwaya.

Ile 41. Ilitoka mezani kwangu.

Katuandikia Mbeya, kwa daktari wa miguu. Leo leo. Kasiani kasema baada ya Pasaka. Nimelia, nimetukana, kasema baada ya Pasaka. Nimemfungia viatu vyake vyote sandukuni. Simwamini hata akienda chooni.

Jumamosi, 12 Aprili

Katoroka! Kaenda kazini na ndala zangu za pinki. Mpaka mzima umecheka. Kaondoka kabla sijaamka, bandeji karudi nayo ya tope.

Jumapili, 13 Aprili

Misa ya Matawi hatukwenda. Homa. Wekundu umepita kifundo, unapanda. Anasema ni malaria tu. Anakuna sikio.

Nimempigia binti yetu Dina simu, kasema mama, mchukue hata kwa nguvu. Nimekodi gari la jirani, tunaondoka sasa hivi.

Jumatatu, 14 Aprili

Mbeya. Jana walimtundikia dripu, leo ndiyo tumemwona daktari wa miguu. Anaitwa Gwalugano, binti mdogo, angeweza kuwa Dina. Kampa Kasiani shikamoo yake vizuri, kavaa glavu, kainama.

Njiani nilikuwa namshuku hata huyu. Nikasema atatoa tu msumeno. Hakutoa msumeno. Katoa kauzi ka plastiki, kagumu kidogo, kwenye kijiti. Kakagusisha kwanza mkononi kwa Kasiani ili ajue kanavyohisika. Kisha kasema, "Baba, fumba macho. Kila nikikugusa miguuni, sema ndiyo."

Kasiani kafumba. Anaogopa, namwona, mikono imeshika ukingo wa kitanda.

Daktari kagusa unyayo. Kabonyeza mpaka uzi ukapinda. Kimya. Kagusa kidole. Kimya. Kaondoa mkono.

"Ndiyo," kasema Kasiani.

Daktari kaandika kitu kwenye karatasi. Kahamia mguu wa kulia, mguu mzima, ule ambao hatukuuogopa. Kabonyeza kisigino, kabonyeza chini ya vidole, uzi unapinda. Kimya. Kaketi wima, uzi uko magotini mwake, hagusi popote.

"Ndiyo," kasema Kasiani. Kasubiri kidogo, kama mtu anayehesabu. "Ndiyo." Kasubiri tena. "Ndiyo."

Nilifumba mdomo kwa mkono. Siku zote hizi nimemtafutia uongo — soksini, viatuni, Nakonde. Sasa niliuona ukitoka kinywani, macho kafumba, na sikutaka kumshika.

Daktari kamwambia asante baba, fumbua. Kaniangalia mimi kidogo tu. Kasema wataupiga picha mfupa wa kushoto waone uchafu umefika wapi, anakwenda kumwita mkubwa wake, tusitoke. Nimemwuliza kwa sauti ndogo mlangoni: kidole, au mguu? Kasema mama, picha kwanza.

Naandika pajani. Kasiani kalala chali, rangi imemrudia usoni. Kanigusa bega sasa hivi.

"Mama Dina, umeona? Nimepatia zote."

Nimemwambia nimeona.

Anauliza kama tunaweza kurudi leo leo. Daktari bado hajarudi.