Mikono ya Ngeleja Kituoni

Kasoli, 12 Julai 1995

Kwa kaka Joakim,

Mwangaluka. Natumaini hapo Mwanza umefika salama na kikohozi kimekuachia. Huku tunakula na kulala, na mayu anakwenda kisimani kwa miguu yake mwenyewe, mama yetu hataki kusaidiwa. Ila jambo limetupata, na sitaki ulisikie kwa watu.

Jumapili ile uliyoondoka, ghala la mnunuzi mpya wa pamba liliungua. Ulituaga ukasema utapitia pale kumsalimu Ngeleja kwenye lindo lake kisha ukapande gari, kwa hiyo najua hukuuona moto. Watu walipofika walimkuta mdogo wetu nje, mikono imeungua mpaka viwikoni. Mlinzi ni yeye, mikono imeungua, na hawezi kujieleza. Wakaona ndiye. Polisi walimchukua jioni ileile.

Jana nilikwenda kituoni. Sajenti Bundala, anayeshughulikia kesi, aliniambia Ngeleja amekwisha kukiri.

"Amekiri kwa mdomo upi?" nikamuuliza.

"Nilimuuliza kama ndiye aliyewasha moto, akatikisa kichwa kukubali."

Unamjua Ngeleja. Tangu ile homa ya utotoni iliyomziba masikio, mtu akimkazia macho yeye hukubali, ili amwondokee. Ukimuuliza kwa sura kali kama amezaliwa na ng'ombe atakubali pia. Nilimwambia sajenti hivyohivyo. Hakucheka, lakini alinitazama upya.

Nikamwambia, "Afande, sikuja kumtoa. Nimekuja niwe naye mnapomhoji. Maswali yenu nitayapitisha kwa mikono, na majibu yake nitawapa kama yalivyo." Akasema hajawahi kufanya hivyo, atamuuliza mkuu wake. Jumamosi narudi, na wasiponikubalia nitakaa pale kwenye benchi mpaka wanichoke.

Mayu anakusalimu sana.

Ni mimi dada yako,
Nyamizi


Mwanza, 14 Julai 1995

Kwa dada Nyamizi,

Salamu kwako na kwa mayu. Mimi ni mzima, kikohozi bado kipo kidogo. Barua yako kondakta amenipa leo, na kazi imenishinda tangu niisome.

Dada, nakuomba usiwafuatefuate polisi. Hawa si watu wa kubishana nao, nawe una shamba na watoto. Mwache Ngeleja aweke dole gumba pale wanapotaka. Akifika mahakamani, hakimu atamwona alivyo, atamhurumia na kumwachia arudi nyumbani. Ukiingiza maneno mengi utamharibia.

Usiniulize nimejuaje, mimi niko mjini na mambo kama haya nayasikia.

Niambie pia, amekuonyesha lolote kwa mikono yake kuhusu siku ile?

Kaka yako,
Joakim


Kasoli, 17 Julai 1995

Kwa kaka Joakim,

Nakusalimu. Sisi ni wazima. Barua yako ilinifikia Jumamosi asubuhi nikiwa tayari nimevaa viatu. Niliisoma nikaiacha mezani, nikaenda.

Mkuu wa kituo alikubali. Aliniapisha kwanza kwamba nitasema kile tu Ngeleja anachosema, nisipunguze wala nisiongeze. Nikaapa. Wakamleta. Kaka, amepungua, na mikono yote miwili wameifunga bandeji, vidole vinachungulia tu kwenye ncha. Aliponiona aliketi chini sakafuni kabisa akashika sketi yangu. Nikamwinua, nikamkalisha kwenye kiti, nikaomba maji. Sajenti mwenyewe ndiye aliyeyaleta. Nikamwomba pia asimame mbali kidogo na aache kuinua sauti, maana Ngeleja sauti haisikii, anachokiona ni ile sura tu. Akarudi nyuma akaketi.

Tukaanza taratibu. Kila swali nililigawa vipande. Mikono ilimuuma, na mara nyingine alitumia kidevu na bega. Sajenti alisubiri. Mara ya kwanza alipouliza kama Ngeleja aliwasha moto, nilimwonyesha Ngeleja kiberiti, ghala na yeye mwenyewe. Akakataa kwa mwili mzima mpaka kiti kikasogea.

Kisha akaanza kusimulia bila kuulizwa. Mtu amelala juu ya rundo la pamba. Mtu anavuta sigara. Macho yake yanafumba. Moshi. Ngeleja anaingia, anamvuta yule mtu kwa miguu, anamtoa nje, anarudi kuifukua pamba inayowaka kwa mikono. Akitazama nyuma, yule mtu hayupo.

Sajenti akauliza, "Mtu gani?"

Ngeleja akaweka kidole kwenye nyusi ya kushoto, akakipitisha mpaka kwenye shavu.

Unaijua ishara hiyo. Ndivyo anavyokuita tangu yule dume alipokupasua kwa pembe. Mle chumbani hakuna aliyeijua isipokuwa sisi wawili. Ningeweza kusema ni mtu asiyemfahamu. Sajenti alikuwa ameshika kalamu, ananingoja. Ngeleja naye alikuwa ananitazama mdomo, aone kama ninayapeleka maneno yake.

Nikasema, "Ni kaka yetu Joakim. Anaishi Mwanza."

Siombi msamaha, kaka. Nilikwenda pale niwe mdomo wake, na mdomo wake ulikutaja wewe. Lakini uliza moyo wako kama aliyekuvuta miguu akakutoa motoni ni wa kuachwa aweke dole gumba.

Nimemaliza hayo. Sikuchukii. Mayu sijamwambia, hilo ni lako.

Dada yako,
Nyamizi


Kasoli, 2 Agosti 1995

Kaka Joakim,

U hali gani? Mayu kila siku anauliza kama umeandika, nami namjibu bado.

Ngeleja yuko nyumbani. Walimwachia wiki iliyopita, mkuu wa kituo akampa mkono, kisha akakumbuka bandeji akamshika bega. Vidonda vinakauka. Jana ameanza kukamua ng'ombe kwa mkono mmoja, ng'ombe hakupenda.

Sajenti Bundala anasema watakufuata huko, ila angependa uje mwenyewe. Nilimuuliza kama ukija naweza kukaa nawe ukihojiwa. Akasema, "Mama, kaka yako anasikia na anasema." Nikamwambia najua, lakini mtu mwenye hofu naye hukubali asilolitenda na hukataa alilolitenda. Amekubali nikae.

Kwa hiyo nakuuliza. Ukitaka nitakuwepo.

Dada yako,
Nyamizi


Mwanza, 7 Agosti 1995

Kwa dada yangu Nyamizi,

Pokea salamu zangu. Usingizi unanipita, lakini mwili ni mzima.

Barua zako zote mbili nimezisoma mpaka zimechakaa kwenye mikunjo. Kila nilipoanza kujibu nilijikuta natafuta namna ya kusema kwamba nilikuwa nimekwisha kupanda gari. Sasa nimeacha kutafuta.

Nakuja Alhamisi. Nipokee stendi, halafu kwanza twende kwa mayu, nimwambie kwa mdomo wangu, kisha kituoni.

Nataka ukae nami. Na Ngeleja naye aje, kama mikono inamruhusu. Mimi nakumbuka sigara, kisha nakumbuka kikohozi, kisha nakimbia. Katikati hapo sijui lolote, wala sijui pamba ilishika wapi kwanza. Yeye aliona yote. Wakiniuliza kama nilikusudia, nitasema sikukusudia, na hawana sababu ya kuniamini mimi. Yeye watamwamini.

Mwambie kwa mikono kwamba nakuja. Ishara yangu anayo.

Kaka yenu,
Joakim