Shingo za Twiga

Mjukuu wangu Mutua,

Nakusalimu kutoka mtaani kwetu Jericho. Nyanya yako amepona goti na ameanza tena kunikemea.

Umeniuliza ufunge shokabzoba zipi za kupunguza mtikisiko, ngumu au laini, kwenye gari la kubebea wagonjwa huko Marsabit. Ujanani nilifunga ngumu kwenye pikapu yangu, zile za malori ya kubebea mawe, ili isimame juu na mtaa mzima uione. Fundi alinionya, "Kijana, bila mzigo mzito hizi zitarusha kila kitu." Nilimcheka.

Wiki hiyo nilimbebea baba yangu, mchongaji, twiga wake wa mpingo hadi kwa mnunuzi wa Majengo. Tulipofunua turubai, shingo karibu zote zilikuwa zimevunjika.

"Mzee, siku hizi unachonga kuni?" mnunuzi alifoka.

Baba aliniangalia, kisha akamjibu, "Mti ulikuwa na nyufa. Kosa ni langu."

Haukuwa na ufa hata mmoja. Nilijua, nikanyamaza. Mnunuzi yule hakuchukua tena kazi yake, na baba alifariki kabla sijamwomba radhi.

Chagua shokabzoba zinazolingana na uzito unaobeba kweli. Kisha ulale wewe mwenyewe kwenye machela, mwenzako aendeshe, uhisi atakachohisi mgonjwa.

Ni mimi babu yako, ninayeona haya hadi leo.