Tone la Maji Ndani ya Chembe Namba Saba

Jumatatu, 14 Januari 2019

Nimepata kazi! Kazi ya mawe. Matokeo ya mtihani yalitoka siku kumi zilizopita. Nimefaulu, ila hesabu zimeninyima chuo kikuu, na nilijua mwaka huu ni wa kukaa nyumbani kumkanda Bibi miguu. Leo Daktari Shongwe, yule mama wa mawe aliyekodi nyumba ya nyuma ya kanisa letu hapa Barberton, kanikalisha mbele ya hadubini. Akauliza kama mikono yangu hutetemeka. Nikatikisa kichwa tu.

"Vizuri," akasema. "Mawe nayo hayapendi maneno mengi."

Kazi yenyewe: jiwe kutoka milimani linapondwa kuwa mchanga. Humo mna chembe za kijani, olivini. Natafuta chembe safi yenye tone la kioo ndani yake. Tone hilo ni lava ya miaka zaidi ya bilioni tatu. Fuwele ilipokuwa ikikua ilimeza tone ikafunga mlango. Na ndani ya tone, pengine, kuna maji kutoka mantili, lile tumbo la dunia chini ya ganda tunalokanyaga.

Nimeshindwa kumaliza ugali. Tumbo limejaa furaha.

Jumatano, 16 Januari

Chembe zinaruka kama viroboto. Unaigusa na sindano, hiyo imekwenda. Asubuhi nzima nimeokota tatu, mbili nikazipoteza sakafuni.

Baba Zwane kanionea huruma. Ndiye mponda mawe wetu. Kabla ya hapa alichambua mchanga wa dhahabu migodini miaka thelathini. Akachukua sindano, akaipitisha ubavuni mwa pua yake, akaigusa chembe. Ikanata!

"Mafuta ya pua, binti. Hayauzwi dukani. Mwenye pua kavu hafanyi kazi hii."

Jioni nilikuwa nimeokota hamsini na moja. Najivunia pua yangu kwa mara ya kwanza maishani.

Ijumaa, 18 Januari

Nimeliona. Tone! Duara, rangi ya chai ya rangi, na kapovu kadogo ndani yake. Nilitaka kuita watu nikashindwa, nikabaki nimenyoosha kidole hadi Daktari alipopita.

Nyumbani nikamweleza Bibi. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema pipa la mvua liko tupu tangu Jumatatu, na mimi nimekwenda kutafuta maji ndani ya jiwe. Dada Gcinile akacheka hadi chai ikampalia. "Tengetile, ukiyapata ulete ndoo mbili. Nina nguo za kufua."

Wacheke. Mimi nimeona.

Jumanne, 29 Januari

Siku ndefu, joto. Chembe kumi na mbili bora zimerudi kutoka kwa wasuguaji. Kila moja imesuguliwa mpaka tone limefunguka juu, kisha zimeoshwa. Kazi yangu ilikuwa kuzipanga kwenye kibamba cha madini laini na kuzididimiza. Hawatumii gundi. Nikapanga. Namba saba ilisumbua — ina ufa mwembamba kama unywele — ikaruka mara tatu. Mwishowe ikatulia.

Kesho zinakwenda Johannesburg kwenye mashine kubwa.

Halafu hili. Naandika polepole nisije nikalikosea. Daktari amesema maabara ya Johannesburg ina nafasi moja ya mwanagenzi. Mshahara, bweni, na masomo ya jioni, hesabu zikiwemo. Majibu ya chembe hizi yakiwa safi, atalitaja jina langu. Jina langu!

Jumanne, 5 Februari

MAJI.

Yapo! Chembe zote kumi na mbili! Na namba saba ina maradufu ya wenzake. Daktari alisoma namba, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. Kisha akampa Baba Zwane mkono akamzungusha jikoni kama yuko harusini. Baba Zwane analalamika goti lake, lakini alizunguka.

Daktari anasema kama namba saba ni kweli, basi mantili ilikuwa na maji mengi kuliko wanavyodhani wenzake, na mapema hivyo, dunia ikiwa bado mtoto. Leo hii anaandika ripoti. Namba saba ndiyo nguzo.

Akaninong'oneza, "Funga sanduku lako, mwanangu."

Nimelifunga. Halina kitu zaidi ya sweta moja, lakini limefungwa.

Alhamisi, 7 Februari

Leo nilikuwa nikiosha vikombe. Daktari alikuwa kwenye simu na mtu wa Johannesburg. Mtu yule alikuwa na wasiwasi kuhusu namba saba. Daktari akamweleza kwa upole kwamba mashine haihesabu maji, inahesabu haidrojeni, na ndiyo maana hatukutumia gundi, maana gundi imejaa haidrojeni, kama mafuta. Hata mafuta ya ngozi. "Lakini zangu zilipangwa kwa sindano kavu. Hapana mkono uliozigusa."

Kikombe kilinitoka.

Namba saba. Ule ufa, mahali pa mafuta kujificha. Mara tatu niliipitisha sindano puani, na ya mwisho nilipitisha kwenye paji la uso, lililokuwa linang'aa kwa joto.

Nikamfuata Baba Zwane uani. Akasimamisha nyundo. Akasema migodini hakuna aliyewahi kuuliza habari za pua, dhahabu haijali. Kisha akasema: "Nyamaza, binti. Kapua kama hako katajaza bahari?"

Nilicheka. Kisha nikalia kidogo. Sanduku liko mlangoni, limefungwa.

Ijumaa, 8 Februari

Naandikia hapa hapa kwenye meza ya hadubini.

Nimemwambia. Saa tatu asubuhi, kabla hajatuma ripoti. Maneno yalitoka yamepinda, kwa hiyo nikachukua sindano nikamwonyesha: pua, chembe. Pua, chembe. Paji.

Baba Zwane akaja akasimama kando yangu na nyundo yake. "Nilimfundisha mimi, Daktari. Ukimfukuza, tufukuze wawili."

"Sijafukuza mtu," Daktari akasema. "Zwane, ondoa hiyo nyundo mezani."

Akapiga simu. Wameitoa namba saba, wameiosha kwa asetoni, dawa ya kuyeyusha mafuta, wamehamia upande wa pili wa tone, mbali na ufa. Mashine inachukua dakika arobaini. Zimepita thelathini na nane. Daktari hajasema neno kuhusu ile nafasi, nami sijauliza. Amezunguka gari lake mara sita. Sasa amerudi ndani, amekaa.

Ajabu, nataka kucheka. Ama ni maji ya mantili, ama ni jasho la Tengetile Mabuza. Moja kati ya hayo mawili, na mimi sasa nataka tu kujua ni lipi!

Simu inaita. Daktari ameitazama. Ameisukuma mezani, upande wangu.